Jinsi ya Kunyoosha Land Rover ya Zamani Mpaka Ipinde

Hongera kwa kununua Land Rover 109 ya miaka ya 1960. Muuzaji amekuapia kwamba bodi haina kutu, na hakusema uongo: bodi ni ya aluminiamu. Chasisi ndiyo ya chuma, lakini huko chini kuna tope na wewe umevaa shati jeupe. Usiiname. Fuata hatua hizi.

Kwanza, piga rangi. Mafundi wazee watakuambia uanze na chasisi. Hao hawana majirani. Rangi mpya hufunika mengi, hasa pale aluminiamu inapogusana na chuma: unyevu ukiingia hapo, aluminiamu hulika ikawa unga mweupe. Paka mkono wa pili.

Pili, kata bila kupima. Chasisi ina mikono miwili inayobeba ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Ikiwa imeoza, ikate yote kwa mpigo, na usichomelee vyuma vya kuushikilia ukuta usihame. Bawaba za milango ya mbele zimefungwa kwenye ukuta huohuo, kwa hiyo ukishuka kidogo tu, milango itagoma kufunga. Kisha kaza boliti zote kabla ya kupachika milango. Mwenye subira angeziacha zimelegea, apachike milango, asogeze ukuta na kutia washa mpaka nafasi zilingane, ndipo akaze. Wewe una nyundo na puti.

Tatu, nunua springi yoyote. Dukani utaulizwa: "Ya upande wa dereva au wa abiria, bosi?" Cheka. Springi si springi? Kiwandani ile ya upande wa dereva ilipewa mkunjo mkubwa zaidi, kwa sababu dereva yumo ndani ya gari kila siku na abiria ni wa kubahatisha. Ukizichanganya, gari litaegemea upande mmoja. Mlaumu fundi bodi.

Nne, kimbilia alaimenti. Fimbo za usukani zina viungo sita. Gari likiyumba, usimwombe mtu azungushe usukani huku wewe ukivishika kimoja kimoja kutafuta kilicholegea, utagundua jambo. Nenda kwenye mashine yenye kioo. Namba nyekundu zikijaa, mwambie kijana: "Dogo, zirekebishe zote." Atahangaika mpaka jioni, kwa maana ekseli ya mbele ni nzima. Gurudumu kulala ndani au nje, na pini yake kuegemea nyuma, vyote vimeumbwa na ekseli na havina boliti ya kuvigeuza. Namba hizo zikiwa mbaya, kuna kilichopinda au beringi iliyochoka. Kinachorekebishika ni kimoja: magurudumu ya mbele yakaribiane kwa mbele kuliko kwa nyuma, kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Hiyo hupimwa hata kwa kamba na rula, gari likiwa limesimama kwa matairi yake kwenye sakafu iliyo sawa. Ila kamba haitoi risiti yenye rangi.

Tano, nyoosha usukani kwa spana moja. Gari sasa linakwenda mbele, lakini usukani umekaa upande. Njia ndefu ni kuweka boksi la usukani katikati, kisha kurefusha au kufupisha fimbo mpaka magurudumu yatazame mbele. Achana nayo. Fungua nati ya katikati, ng'oa usukani, urudishe ukiwa umenyooka. Boksi hubana likiwa katikati; pembeni huwa na mchezo, na hapo ndipo utakapoendeshea. Zaidi ya hayo, gari litakata kulia vizuri, na kushoto litahitaji uwanja wa mpira. Mkeo akiuliza kwa nini siku hizi mnakwenda kanisani kwa njia ndefu, mwambie ina kona za kulia tu.