Shukrani kwa Wizara kwa Kutupata na Hatia

Kwa Waziri wa Kilimo na Ustawi wa Mifugo,
Kilimo House, Nairobi.

KUH: PONGEZI KUTOKA AWENDO

Mheshimiwa,

Tumefurahi kusikia kwamba walioangusha kiwanda cha sukari cha Sony wamejulikana. Ni sisi: mkulima wa Ndhiwa aliyekata miwa michanga, dereva wa trekta aliyeipitisha kwingine, na fundi wa boila aliyekuwa na tabia mbaya ya kudai mshahara kila mwezi.

Serikali, iliyokianzisha kiwanda mwaka wa 1976 na kushika karibu hisa zote, haihusiki. Ilikuwa mmiliki tu. Iliteua bodi, ikateua wakurugenzi, ikateua makaimu. Lakini tangu lini kuteua kukawa kosa?

Kosa la mkulima wetu ni kubwa na hatumtetei. Miwa huchukua takriban miezi 18 kukomaa. Ikishafika kiwandani, malipo nayo huanza kukomaa upya. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na siku hiyohiyo mwenye kinu cha sukari guru anasimama shambani na pesa taslimu mkononi. Mzalendo angemfukuza. Julai 2023 mlipositisha usagaji wa miwa ili ikomae, tuliona jinsi kungoja kulivyo rahisi mtu anapopokea mshahara Nairobi.

Soko la pamoja la COMESA nalo liliiruhusu Kenya kudhibiti sukari ya bei nafuu kutoka nje kwa zaidi ya miaka 20 ili tujirekebishe. Muda huo tuliutumia vizuri, kuomba muda zaidi.

Hata soka tumeliharibu sisi. Timu ya kiwanda, Sony Sugar, walitwaa ligi kuu mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019 walitimuliwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Bila shaka nauli yao ililiwa na wakulima.

Mwaka wa 2023 Bunge liliridhia kufutwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 100 za madeni ya viwanda vya sukari vya umma. Tulishangilia. Tatizo ni kwamba fundi wa boila ana deni la unga na mafuta ya taa dukani hapa Awendo, na mwenye duka hana Bunge. Mwaka wa 2025 viwanda vinne vikakodishwa kwa miaka 30, cha kwetu kikaenda kwa Busia Sugar Industry. Wafanyakazi wakapokea barua za kuachishwa kazi pamoja na ahadi ya malimbikizo yao. Ahadi hiyo mwenye duka haipimi kwa kilo.

Tuna ombi moja. Tupeni orodha ya wote waliowahi kuketi katika bodi ile, pamoja na marupurupu waliyopokea. Si kwa nia ya kumshtaki mtu. Tunataka tu kuwajua kwa majina wale ambao hawakuhusika.

Wako mtiifu mwenye hatia,
Mkulima wa miwa, Awendo.

Nakala: Wakurugenzi wa zamani, popote walipostaafia.