Utetezi wa Gari la Milango Miwili

Magari ya Bariadi, mkoani Simiyu, husifiwa kwa kufaa. Probox inasifiwa kwa kubeba magunia, Noah kwa kuwa mchomoko wa abiria Jumamosi na gari la familia Jumapili, IST kwa kuwa hakuna fundi asiyeijua. Sifa za namna hiyo hazihitaji ufundi wa kusema. Lililokosa mtetezi ni gari la michezo la mtumba: Celica ya mwaka 2000, Fairlady Z, Mazda RX-8, Toyota 86. Kijana aliyeajiriwa halmashauri au kwenye kiwanda cha kuchambua pamba akithubutu kuuliza kama analimudu, kijiwe kizima kinaangua kicheko. Gari hilo linaonewa.

Kwanza, ni gari lenye uzalendo. Kenya hulikataa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, kisha hulitoza. Kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini haikupita 2,000, na umri uliovuka miaka 10, TRA imekuwa ikidai ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, ushuru wa uchakavu asilimia 30 na VAT asilimia 18, huku VAT ikitozwa juu ya ushuru uliokwisha kutozwa. Gari lililothaminiwa shilingi milioni 12 bandarini hudaiwa karibu milioni 12 nyingine. Na thamani hiyo ni ya kikokotoo cha TRA, si ya risiti ya muuzaji wa Japani. Aliyebembeleza mpaka akapunguziwa bei kule Yokohama anagundua kwamba Dar es Salaam hawakuyasikia mazungumzo yale. Wapo wananchi wanaolalamikia tozo za miamala. Mwenye Celica huchangia reli, barabara na madarasa kabla hajawasha injini.

Pili, ni mwalimu wa hesabu asiye na upendeleo. Chukua mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, mara tatu ya kima cha chini cha serikali kilichoanza Julai 2025. PSSSF inachukua 75,000, kodi ya mapato 255,500, bima ya afya 45,000, na Bodi ya Mikopo, yenye asilimia 15 yake, 225,000. Zinabaki 899,500. Kanuni ya theluthi inamtaka mtumishi abakiwe na 500,000, kwa hiyo benki ina nafasi ya kukata 399,500 tu. Kwa miezi 60 hizo ni 23,970,000. Gari letu, pamoja na kodi zake, limefika milioni 24. Pengo ni shilingi 30,000, sawasawa na faini moja ya trafiki! Ukikaribia shabaha namna hiyo, nani ana moyo wa kukukumbusha riba?

Bima kubwa nayo, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 3.5 ya thamani, ni shilingi 840,000 kwa mwaka kabla ya VAT. Mwenye kubakiwa na 500,000 ataifanyia kazi zaidi ya mwezi mmoja na nusu bila kula. Kufunga ni ibada.

Mazda RX-8 inastahili aya yake. Kwenye karatasi injini yake ni cc 1,308, jirani kabisa na IST ndogo ya 1,298. Ndani haina pistoni. Ina rota mbili zinazozunguka, ambazo kwa usanifu wa kiwandani huunguza oili kidogo kidogo pamoja na petroli. Jina ni la IST, kiu ni ya lori. Mwenye nayo huwa raia makini kuliko wote: Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, yeye hahitaji kukumbushwa. Mazda iliacha kuiunda mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipomegwa hasa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa. Hata RX-8 ya mwisho kabisa, basi, ni rika la mkoa wenyewe, ila mkoa umekuwa ukiongezewa spea.

Wanaobisha kwamba gari hili si la barabara zetu wasome historia. Safari Rally ilianza 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, babu wa Fairlady za leo, ilishinda mwaka 1971, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Celica ilichukua ushindi 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda nayo tena. Hoja hiyo haipunguzwi nguvu na mambo madogo: kwamba Celica ya Duncan ilivuta kwa magurudumu yote manne, kwamba timu za viwanda zilitembea na mafundi na hata helikopta, na kwamba ile ya mwaka 2000 huvuta kwa magurudumu ya mbele tu na fundi wake yuko Mwanza.

Tena Simiyu ina lami. Mwigumbi hadi Bariadi kupitia Maswa ni kilomita 100, na Bariadi hadi Lamadi kama 72. Juu ya mstari huo gari la milango miwili ni mfalme, isipokuwa penye matuta, penye ng'ombe, na penye kibao cha 50. Nje ya lami kuna udongo mweusi wa mbuga, uleule unaoipenda pamba, ambao mvua ikinyesha hunata kwenye matairi mpaka gari lisahau kwamba ni la magurudumu. Toyota 86 ina kama milimita 130 kati ya tumbo lake na ardhi. Mwenye nayo atayajua mawe ya Itilima moja baada ya jingine.

Sifa kuu ni ya kijamii. Usukumani, gari la mmoja ni gari la ukoo: linapeleka mgonjwa hospitali ya Somanda, linabeba mahindi kutoka shamba la mjomba, linasindikiza msiba Meatu. Gari la michezo linakataa yote hayo kwa adabu, bila mwenyewe kufungua kinywa. Hata RX-8, yenye milango ya nyuma, haiifungui mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. Mama mkwe akishaingia, kutoka kwake kunategemea hisani ya mkwewe. Ukoo nao hauoni shida. Mgonjwa, mahindi na msiba vinahamia kwenye mchomoko, na nauli inatumwa kwa simu na yuleyule mwenye gari.

Anayelimudu bila wasiwasi yupo. Alishamaliza deni la Bodi ya Mikopo, ana Land Cruiser uani kwa ajili ya ukoo, na shughuli zake zote ziko kati ya Lamadi na Mwigumbi. Kwa kawaida amevuka miaka 50, na akifika anapokwenda hupiga honi ili mtu aje amshike mkono atoke kwenye siti.