Usiulize Inahusu Nini: Mwongozo kwa Mgeni Anayekwenda Sinema Chennai

Siku filamu ya mwigizaji Rajinikanth inapotoka, usipange kunywa chai ya maziwa. Maziwa yana kazi nyingine. Nje ya sinema limesimamishwa bango la steringi, refu kama ghorofa, na vijana wamelikwea wakimmwagia maziwa kichwani pakiti kwa pakiti, kama sanamu za miungu zinavyoogeshwa hekaluni. Simama mbali. Lami imeshateleza, na fataki haziulizi wewe ni nani.

Tiketi yako ina namba ya kiti. Hicho kiti ni cha kusimamia.

Taa zikizimwa, usitarajie hadithi kuanza. Kwanza zitatokea herufi za neno Superstar, moja moja, kwa vitone vya mwanga, na ukumbi utazipigia kelele kama mabao. Mtindo huo ulianza na filamu ya Annaamalai, mwaka 1992, na hakuna aliyeuchoka. Kisha utaona kiatu. Kisha mkono. Kisha miwani inayozungushwa hewani kabla ya kutua puani. Uso ukifika, wewe umeshafunikwa na vipande vya karatasi na sikio moja limeziba. Hapo ndipo mgeni hukosea: humgeukia jirani na kumwuliza, "Hivi hii inahusu nini?" Jirani ataona umemtukana. Inamhusu steringi mwenyewe! Kondakta wa basi wa Bangalore aliyepanda hadi hapo. Wote wanaijua safari hiyo, na wamelipa kuiona tena. Steringi hafi, hilo nawe unalijua.

Halafu chunga ulimi: usiseme "ni waigizaji tu." Annadurai na Karunanidhi waliandika filamu, MGR na Jayalalithaa waliziigiza, na wote wanne wakawa mawaziri wakuu wa jimbo hili la Tamil Nadu. Steringi akimkemea adui kwa maneno makali mno, sikiliza vizuri. Huenda kampeni imeanza.

Jioni, ukienda kupunga upepo ufukweni Marina, utakuta sanamu ya mwanamke aliyeshika kikuku. Huyo ni Kannagi, wa utenzi wenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mumewe aliuawa kwa kusingiziwa kuiba kikuku cha malkia. Akaingia barazani kwa mfalme nywele zimetimka, akapasua kikuku chake: vito vikatawanyika, wakati cha malkia kilijazwa lulu. Mfalme akafa palepale, na mji wa Madurai ukateketea. Linganisha na ule mwingilio wa kiatu na miwani.

Mwaka 2001, chama cha Jayalalithaa kikiwa madarakani, sanamu hiyo iliondolewa, na kelele zikawa kubwa. Karunanidhi, ambaye mwaka 1964 alikuwa ameiandikia filamu hadithi ya mama huyo, alirudi madarakani 2006 na kumrudisha mahali pake.

Ukitaka kupiga naye picha, simama upande usio na kikuku.