Picha za Ruracio Zatafuta Makao

Jumatatu
Diski ya nje imeanguka kutoka mezani hapa studio, Nyeri mjini. Nikiichomeka inalia tiki-tiki na haifunguki. Picha na video za ruracio (sherehe ya mahari) ya Othaya sasa zimebaki kwenye kadi za kamera tu, gigabaiti 36, na kadi hizo nazihitaji Jumamosi kwa harusi ya Karatina. Lazima nipate hifadhi ya mtandaoni wiki hii.

Jumanne
Nimelinganisha nafasi za bure: Dropbox gigabaiti 2, OneDrive 5, Google 15, Mega 20. Zile 15 za Google zinaliwa pamoja na barua pepe, na tangu Juni 2021 picha mpya za simu zinazohifadhiwa huko nazo huhesabiwa humo. Hakuna inayotosha ruracio moja. Nitalipa, ila kwanza nijaribu huduma mbili.

Jumatano
Intaneti yetu inashusha haraka, lakini kupakia ni megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti 36 zinataka saa 20. Saa nane mchana stima ikapotea. Iliporudi, huduma ya kwanza ikaanza video ya mahari upya kabisa. Jioni nikaipakia kwenye ya pili, nikachomoa waya wa rauta makusudi, nikaurudisha. Ikaendelea pale ilipokatikia. Kwa mji ambao stima hupotea mvua ikinyesha, hilo lina uzito kuliko nafasi ya bure.

Alhamisi
Mama wa bibi harusi wa Othaya amepiga simu kuhusu kiungo cha picha nilichomtumia.
“Mwanangu, hii kitu inaniuliza neno la siri. Gani tena?”
Huduma ya kwanza inataka mtazamaji naye afungue akaunti.
“Pole mama, nakutumia kiungo kingine.”
Cha pili kimefunguka mara moja. Amesema shosho ametoka vizuri, ila kitambaa kimekaa upande.

Ijumaa
Bei ni ya dola, na kadi ya benki imekataa hadi nilipoongeza pesa. Nimelipia huduma ya pili. Usiku upakiaji umekamilika. Hata hivyo nimenunua diski mpya, nayo itakaa nyumbani Mweiga, mbali na studio. Maana usipolipa, akaunti ya mtandaoni inaweza kufungwa na vilivyomo vikafutwa.

Jumamosi
Kabla ya kufuta kadi nimefungua video ya mahari kutoka mtandaoni, kisha kutoka kwenye diski, nikaitazama hadi mwisho. Zote nzima. Wazee wale hawataketi tena kujadili mbuzi ili mimi nipige picha upya.