Mpangaji Aomba Nyumba Aliyoilipia Kodi: Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya

Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MWENYE NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji, mkazi wa Ilala, chumba cha tatu mkono wa kushoto ukiingia ukumbini. Naandika kwa heshima zote kuomba kitu ambacho, kwa hesabu za serikali yenyewe, nadhani tayari ni changu: sehemu ya nyumba ninayoishi. Sitaki yote, sina tamaa ya namna hiyo. Naomba kipande kinacholingana na kodi ya jengo niliyokwisha kulipa, na hesabu zikigoma, nipewe walau choo cha uani na ile kona ya kuanikia nguo.

Msingi wa ombi langu uko kwenye LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida; mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, na majengo ya ghorofa mijini yakawa 7,500 kwa kila sakafu. Kwenye karatasi, mlipaji ni mwenye jengo. Mita lakini haimjui mwenye jengo, inamjua anayenunua umeme, na katika nyumba yetu mwenye nyumba hajawahi kununua umeme hata wa buku. Tulipohoji tukaambiwa tuelewane naye, atupunguzie kwenye pango.

Mheshimiwa, uliwahi kupanga? Mtu anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unamwendea na meseji ya tarakimu 20 kwenye simu, unamwambia anadaiwa 1,500. Atakusikiliza. Atakupa na kiti. Kisha atakukumbusha kwamba mkataba unaisha mwezi wa tisa na kuna kijana wa benki ameulizia chumba.

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Makato huchukuliwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tarehe moja kwetu ni siku ya utulivu wa ajabu: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Fundi cherehani wa chumba cha mbele hugundua ghafla kwamba ana vifungo vingi vya kushona kwa mkono. Mama wa maandazi huanza kusifia kibatari. Jamaa wa chumba cha uani, mwenye simu tatu, huchajia kazini. Tunakaa gizani, kila mmoja akisikiliza mwenzake kama ameanza kubonyeza simu, mpaka dada anayeuza barafu na juisi ya ukwaju ashindwe, maana barafu haingoji mtu. Ananunua umeme wa 5,000, zinaondoka 1,500 kabla hata ya makato mengine, taa zinawaka, na sisi sote tunatoka ukumbini kumpa pole kwa furaha tusiyoweza kuificha. Kwa dakika hizo chache, dada huyo ndiye mwenye nyumba. Naomba tu iandikwe mahali.

Najua utakachojibu. Utasema kodi hiyo si yako, kwamba zamani halmashauri zilikusanya zenyewe, mwaka 2016 kazi ikapewa Mamlaka ya Mapato, na sasa inapita kwenye umeme. Nikienda kwa wakusanyaji nitaambiwa wao wanakusanya tu. Nikienda kwa wauza umeme nitaambiwa wao ni njia tu. Nimeamua kuanzia kwako kwa sababu wewe una joho, na mtu mwenye joho ni rahisi kumtambua kwenye umati.

Isitoshe, sisi ni watu wa Jiji. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tulilala manispaa tukaamka jiji, bila kuhama na bila dalali. Matokeo yake ni kwamba Masaki na Oysterbay ziko Kinondoni, nje ya Jiji, lakini Chanika, Pugu na Msongola zimo ndani. Bwana anayetazama bahari kutoka ghorofa ya saba kule Masaki ni mtu wa manispaa. Mama wa Msongola anayevuka tope la masika viatu mkononi ndiye mtu wa jiji. Sijawahi kuona mpaka uliotupendelea wanyonge namna hii. Wakoloni walihangaika sana kutupanga, Uzunguni huku, Uhindini pale, Uswahilini kule, mpaka Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili watu wasichanganyike. Siku hizi kazi yote hiyo inafanywa na dalali mmoja, kwa simu, akiwa amekaa kwenye bodaboda.

Tazama Kariakoo. Zile nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele, zimebaki za kutafuta. Utaratibu unafahamika: mwenye kiwanja ana urithi, mwekezaji ana fedha, wanaingia ubia, nyumba inashuka, ghorofa linapanda, mpangaji anahamia Mbagala. Barazani walipokaa wazee na bao lao sasa pana fremu, na fremu hiyo huingii bila kutoa kilemba kwanza, kabla ya pango lenyewe ambalo kwenye mitaa minono ni mamilioni kwa mwezi. Sakafu nzima ya jengo kama hilo inalipiwa kodi ya 7,500. Kinyumba cha bati cha Msongola, 1,500. Mara tano tu! Nimerudia hesabu hii kwenye simu nikidhani simu ndiyo mbovu.

Hata hivyo nimefarijika kuona kwamba serikali yetu sasa inajua kuhesabu ghorofa. Haikuwa hivyo siku zote. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, jengo lilikuwa na 16. Ghorofa sita zilipanda mchana kweupe, katikati ya mji, kwa zege na winchi na kelele zake zote, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ukumbi wa Karimjee, na hazikuonekana. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo lingine likawaangukia watu Kariakoo wakiwa kwenye biashara zao. Zaidi ya 20 hawakutoka hai. Hapo sina utani, na sidhani kama kuna mtu wa mji huu aliye nao. Ila nina ombi dogo la kiutawala: yule anayehesabu sakafu kwa ajili ya kodi akutanishwe na yule anayehesabu sakafu kwa ajili ya kibali. Wapewe chai na vitumbua, wafahamiane. Inawezekana hawajawahi kuonana.

Wapo watakaoniambia kwamba kodi ya jengo haimpi mtu jengo, inampa huduma. Haya, tuziongelee. Taka tunalipia kivyake, gari lije lisije. Ulinzi shirikishi tunalipia kivyake. Mtaro wa mbele ya nyumba tuliuzibua wenyewe, kwa majembe yetu, na mwenyekiti wa mtaa akapita kutupongeza kwa moyo wa kujitolea. Mvua kubwa ikinyesha barabara ya Jangwani inafungwa, na mabasi ya mwendokasi, ambayo yalijengewa karakana yake humohumo kwenye bonde la Msimbazi, yameshaonja maji hayo. Huduma niliyoipata kwa uhakika kutokana na kodi ya jengo ni meseji inayonijulisha kwamba nimelipa kodi ya jengo.

Ndiyo maana nataka hati, risiti hainitoshi. Machinga walitangulia kujaribu risiti. Mwishoni mwa mwaka 2018 walianza kuuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa sasa wafanye biashara bila kusumbuliwa. Oktoba 2021 waliondolewa barabarani, vitambulisho vikiwa mfukoni. Walichonunua kilikuwa kitambulisho, na kitambulisho wanacho mpaka leo.

Wenye maduka angalau wana kufuli. Mei 2023 walifunga maduka Kariakoo wakilalamikia kodi na kamatakamata, na kabla wiki haijaisha Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Sisi tukifunga milango tutadhaniwa tumelala. Tukigoma kununua umeme, kodi inatusubiri kwenye mita, mwezi juu ya mwezi, na siku tukikata tamaa inakatwa yote kwa pamoja. Kwa mgomo wa aina hiyo mgomaji anajigomea mwenyewe, gizani, na kulipa analipa.

Usidhani naomba jambo lisilo na mfano. Aprili 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Siombi hayo yarudi; nyumba yetu yenyewe, na nyufa zake, sijui kama ingefika hicho kiwango. Kulikuwa pia na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyompa mpangaji mahali pa kulalamikia. Ikafutwa mwaka 2005, soko lijiongoze. Soko limejiongoza vizuri sana: miezi sita mbele, mwaka mzima kama unaonekana mgeni, mwezi mmoja wa dalali, na hela ya dalali kukuonyesha vyumba ambavyo vimeshachukuliwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Magomeni Kota. Kaya 644 za wapangaji ziliondolewa, nyumba zikabomolewa, watu wakatawanyika, wakasubiri takriban miaka kumi, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa mapya waliyojengewa. Kwa hiyo mpangaji anaweza kukumbukwa katika nchi hii. Kinachohitajika ni muongo mmoja na marais watatu. Mimi sina haraka kubwa, lakini muongo huo sina pa kuukalia.

Maana nyumba yetu ni ya urithi, Mheshimiwa. Mzee alifariki, warithi ni wengi, na siku hizi wanakuja kwa zamu, kila mmoja na mnunuzi wake na futi kamba yake. Wanapima ukumbi, wanapima ua, wanaruka ndoo zetu za maji, wanabishana kama pale kisimani patatosha kuegesha magari mawili. Salamu hatupati, kwa kuwa hatumo kwenye vipimo. Mnunuzi mmoja alichungulia mlangoni kwangu akauliza kama humu wanakaa watu. Nikamjibu hapana, tupo wapangaji tu. Akaandika kwenye daftari, akaendelea.

Siku nyumba hiyo ikiuzwa, atakayekuwa amelipa kodi yake kwa miaka yote hii hatapata hata nauli ya kirikuu cha kuhamishia godoro. Mgao wa mauzo utakwenda kwa watu ambao mita haijawahi kuwasikia. Jiji litapata ghorofa jipya, sakafu zitahesabiwa, na wapangaji wapya wa fremu watanunua umeme na kulipa 7,500 zao kwa kila sakafu, kwa niaba ya mtu atakayekuwa anaishi manispaa, anatazama bahari.

Kwa hayo, naiomba ofisi yako isaidie kupatikana kwa moja kati ya mawili. La kwanza, sisi tuliolipa tuandikwe kwenye hati kwa kadiri ya makato yetu. Dada wa barafu awe wa kwanza, anastahili, na akipenda achukue sebule. La pili, kama hilo linawaudhi wenye mali, basi kodi ya jengo ikatafutwe kwa mwenye jengo. Ana jina, ana namba ya simu, ana akaunti inayopokea pango la miezi sita bila kukosewa hata tarakimu moja. Serikali iliyoweza kumpata muuza barafu gizani, kwa 1,500, haiwezi kushindwa kumpata huyo.

Naomba nijibiwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu safari hii wenzangu wamekubaliana kwamba zamu ya kununua kwanza ni yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba cha tatu kushoto, Ilala.

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa.
Mwenye nyumba, aisome atakapokuja kuchukua kodi.