Sifa za Kulipiwa: Mwongozo kwa Anayeanzia Bagamoyo

Hoteli ya ufukweni ikikupigia simu na kusema, "Mwandishi, njoo tu uone mazingira," jua kazi imeanza. Siku hiyo usitaje bei. Mwandishi aliyekomaa hupokea nauli kwanza, hula kamba wa kukaanga baadaye, na suala la malipo huliacha pale mezani mpaka meneja aone haya mwenyewe. Jina la heshima ni nauli. Wahariri wa zamani waliita bahasha, na vijana wa leo wataita uchawa, hasa wale ambao hawakualikwa. Usibishane na yeyote. Kazi yako ni kuandika tangazo ambalo msomaji atalimaliza akidhani alikuwa anapiga soga na rafiki yake.

Anzia kwenye umbali, kwa sababu mtu wa Dar es Salaam hawezi kupenda mahali kabla hajajua atafikaje. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa jiji, lakini kilomita hazikusaidii kitu. Tumia dakika. Dakika za makala hupimwa saa kumi alfajiri ya Jumapili, safari ikianzia Bunju. Foleni ya Mwenge na Tegeta haihesabiwi, kwani hiyo ni ya Dar, na wewe hukulipwa kuandika habari za Dar.

Halafu bahari, na hapa ndipo wanagenzi wengi huumbuka. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji na tope lake, kwa hiyo maji ya Bagamoyo, tukisema ukweli tukiwa wenyewe, rangi yake inakaribia chai ya maziwa. Yakipwa, yanakwenda mbali: madau yanalala ubavu, kina mama wanaokota kombe, na mgeni aliyeshuka na taulo lake anatembea mpaka anachoka kabla hajalowa magoti. Usimuulize meneja saa ya kupiga picha. Nenda mnadani kwa wavuvi, mwamkie mzee mmoja shikamoo, umuulize bamvua ni lini. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa alasiri, jua limelegea, ufukwe umefunikwa wote, na hata chai ya maziwa hung'aa. Saa nne asubuhi siku hiyohiyo, wageni wakitoka kunywa chai, bahari itakuwa imeondoka. Hilo si la kuandikwa. Mbu wa kwenye mikoko nao si wa kuandikwa.

Lakini fedha hasa haiko hotelini. Iko kwenye viwanja. Ukitoka Bunju na barabara ya Bagamoyo, ukipita Mapinga, Kerege na Kiromo, mabango ya viwanja yanashindana na miembe, na nyuma ya kila bango kuna kampuni inayotafuta mtu wa kuiandikia kitu chenye mvuto. Uandishi huu una sarufi yake. Umeme "upo" ikiwa nguzo inaonekana ukisimama juu ya gari. Maji "yapo" kwa kuwa mvua hunyesha. "Hati ipo" ni sentensi ya kweli tupu, mradi usitaje jina lililomo. "Mita 800 kutoka lami" hupimwa kwa kunguru, tena kunguru asiye na haraka ya kutua. "Huduma zote za jamii" maana yake kuna duka la mpesa, na pembeni yake mangi. Usiandike kichaka, andika "mandhari tulivu". Kama shamba ni la korosho na mwenyewe bado anavuna, andika kwamba kiwanja kina miti ya matunda.

Na neno linalouza kuliko yote ni bandari. Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo, gharama zikitajwa kufika dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti ya wawekezaji yanaweza kukubaliwa na kichaa tu. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yafufuliwe. Mwandishi wa habari za uchumi ataiona orodha hiyo na kusema mradi umesuasua. Mwandishi wa viwanja anaona neema, maana jambo ambalo bado halijafika halina mtu wa kulikanusha. "Bandari inakuja" ilikuwa sentensi nzuri mwaka 2014, na hadi leo haijachuja. Ninavyoona mimi, bandari ikijengwa kweli wenzetu wengi watakosa kazi.

Mteja wa hoteli atataka pia historia, ila ile isiyomkatiza mtu hamu ya kula. Bagamoyo ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kisha ikawa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Neno "utumwa" litokee mara moja tu, tena likae aya mbili mbali na neno "bafe". Pale Wajerumani waliponyonga watu waliowapinga, andika "eneo la kumbukumbu" na uendelee na safari. Kaole ni rahisi zaidi: magofu ya msikiti unaosemekana ni wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, mbuyu ambao wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri, na kisima wanachosema hakikauki. Ukilipwa na kampuni ya maji ya chupa, andika kisima. Ukilipwa na bima, andika mbuyu. Saadani isikusumbue sana. Ni hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, kwa hiyo simba lazima aonekane mchangani, hata kama katika ziara yako ulichokiona ni nyani akiiba ndizi.

Kama kazi hii inakutia haya, kumbuka kwamba Bagamoyo ina ukoo wake. Henry Morton Stanley alipoondoka hapo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, gharama zilikuwa za gazeti la New York Herald, na alichotumwa kukileta ni habari ya kuuza gazeti. Mwaka 1874 akaondoka tena Bagamoyo kwa fedha za magazeti mawili, Herald na Daily Telegraph la London. Fadhila aliilipa kwa kiwango ambacho mimi na wewe hatutakifikia: alikuta mlima, akaupa jina la Gordon Bennett, mwenye Herald. Meneja wako hatarajii mlima. Atatosheka ukiandika jina la hoteli mara nne.

Darasa lenyewe hasa limo katika kitabu chake cha mwaka 1890, In Darkest Africa, kinachosimulia safari ya kumwokoa Emin Pasha, iliyoishia Bagamoyo Desemba 1889. Mapema kabisa kitabuni Stanley anawataja waliomwezesha, wengine mpaka na mtaa wao: Burroughs na Wellcome waliotoa bure masanduku tisa ya dawa, Fortnum na Mason wa Piccadilly waliofungasha mizigo 40 ya vyakula vilivyochaguliwa, watengenezaji wa mahema, na Maxim aliyetoa bunduki yake ya kufyatua mfululizo. Watu zaidi ya 600 walioajiriwa Unguja kubeba vitu hivyo, ambao zaidi ya nusu yao hawakurudi, hawakuwa na duka Piccadilly. Huo ndio uwiano wa majina unaotakiwa katika makala ya kulipiwa. Hesabu yako ikitoka tofauti, mhudumu akatajwa kabla ya mwenye hoteli, anza upya.

Karamu ambayo Wajerumani waliwaandalia Stanley na Emin mjini Bagamoyo nayo ina funzo. Usiku huo Emin, baada ya kuokolewa kwa gharama zote zile, alianguka kutoka ghorofani, akaumia fuvu. Jambo kama hilo likitokea kwa mteja wako, andika kwamba vyumba vya juu vina madirisha mapana.

Ipo namna nyingine ya kulipia sifa, ya huku kwetu, lakini siishauri. Kwenye taarabu, anayetaka wimbo uwe wake anainuka na noti zake, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza mwimbaji huku ukumbi mzima unatazama. Kwenye dansi, jina la mfanyabiashara linatupwa katikati ya muziki, na Wakongo wameipa biashara hiyo jina kabisa, mabanga. Aliyelipa anajulikana, aliyesifu anajulikana, noti zimeonekana, na watu bado wanacheza. Mfumo wa namna hiyo utatuua njaa. Sisi thamani yetu ni kwamba mtunzaji haonekani. Kwa hiyo mhariri akishikilia kwamba lazima neno "Tangazo" liwepo, mpe, ila liwekwe pembeni juu, kwa herufi ndogo kuliko jina la mpiga picha. Aliyekaza macho na akaliona alikuwa hanunui kiwanja hata hivyo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Iheshimu kwa kuuliza maswali. "Je, hapa ndipo pepo ya pwani ilipojificha?" Aliyeuliza hajadai kitu. Na usisahau kasoro. Makala isiyo na kasoro hata moja inanuka fedha kutoka mbali, hivyo tafuta kasoro ambayo mwenye mali ataipenda. Intaneti ikikatika, laumu hoteli kidogo, kisha ungama kwamba kwa mara ya kwanza mwaka huu uliongea na mkeo. Chakula kikichelewa, sema pweza huyo alivuliwa baada ya wewe kumwagiza. Meneja akisoma hapo atacheka, na meneja akicheka hasomi tena aya zinazofuata, jambo linalokuokolea masahihisho mengi.

Sasa malipo. Ukishatuma ankara, atakupigia mwenyewe: "Kaka, makala imetulia sana, ila bajeti ya robo hii imefungwa." Usinune. Atakupa vocha: usiku mmoja, watu wawili, chai ya asubuhi tu, Jumatatu hadi Alhamisi, haitumiki Idi, Pasaka wala Desemba. Mwombe aiache bila jina. Vocha isiyo na jina ina soko, na Sinza hakosekani mtu anayetaka kumpeleka mchumba mahali kwa nusu bei. Akikuuliza bahari ya huko ikoje, mtumie makala.