Yah: Pongezi kwa Shirika Lenu la Hisani

Wamiliki,
Timu ya Cleveland Browns,
Berea, Ohio.

Mzee Jimmy na Mama Dee,

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, mkazi wa Ohio, na shabiki wenu kwa hiari yangu mwenyewe, jambo ambalo mke wangu hulitumia kama ushahidi kila tunapobishana kuhusu akili zangu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kiingereza mmeshaandikiwa sana na sioni kilichobadilika.

Naleta pongezi. Watu huwachukulia kama klabu ya futiboli ya Kimarekani ambayo, tangu ifufuliwe mwaka 1999, imeshindwa kupata kwotabeki, yule mpiga pasi anayeongoza mashambulizi yote, na ambayo imeshaanza mechi na watu zaidi ya 40 tofauti katika nafasi hiyo moja. Wanawaonea. Ukiisoma historia yenu kwa jicho la huruma unagundua kwamba nyinyi ni shirika la hisani, lenye kazi ya kuisaidia miji mingine ipate furaha, tena bila ubaguzi wa umbali wala uadui.

Mwaka 2016 mlikuwa na chaguo la 2 kwenye drafti, lile zoezi la kila Aprili ambapo timu 32 hupanga foleni kuchagua vijana wa vyuo vikuu, walioboronga msimu uliopita wakitangulia mbele. Nafasi hiyo mkawauzia Philadelphia, wakamchukua Carson Wentz. Msimu wa 2017 Philadelphia wakatwaa Super Bowl, ubingwa wa ligi. Nyinyi msimu huohuo mlicheza mechi 16 mkafungwa zote 16, na mashabiki wakaandamana kuuzunguka uwanja katika baridi ya Januari kusherehekea ukamilifu huo. Nani mwingine angejinyima kiasi hicho?

Kisha Houston. Mwaka 2017 mlikuwa na chaguo la 12. Mkawaachia, wakamchukua Deshaun Watson. Miaka mitano baadaye mkamtamani Watson huyohuyo. Mkawapa Houston machaguo matatu ya raundi ya kwanza na mengine ya nyongeza, halafu mkamwandikia kijana mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 230, zote za uhakika hata asipougusa mpira. Nimetafuta mfano wa biashara hii huko nilikotoka, nimeukosa. Dalali wa viwanja wa Dar es Salaam anaweza kukiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, lakini hajawahi kuwa yeye ndiye mnunuzi wa pili.

Hapa niiweke kejeli kando kidogo. Siku mliyomchukua, Watson alikuwa na kesi 22 za madai mahakamani, za wanawake waliomtuhumu kwa mwenendo mbaya wa kingono walipokuwa wakimkanda misuli. Alikana, na majopo mawili ya mahakama huko Texas hayakumfungulia mashitaka ya jinai. Ligi ikamfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Mkataba wenu, hata hivyo, ulikuwa umepangwa ili mshahara wa msingi wa mwaka ule wa kwanza uwe dola milioni 1 na chembe, kwa hiyo kila mechi aliyoikosa ilimkata kidogo sana. Maana yake mnajua kumlinda kwotabeki. Mfukoni, mlimlinda mpaka kwenye nukta. Uwanjani alicheza mechi 19 kwa misimu mitatu, kisha Oktoba 2024 akachanika ukano wa kisigino.

Mradi wenu ninaoupenda kuliko yote ni wa Tampa. Mwaka 2018 mlichagua wa kwanza kabisa, mkamchukua Baker Mayfield kutoka Oklahoma. Septemba akatoka benchi dhidi ya New York Jets, mkashinda baada ya mechi 19 za ukame, na majokofu ya bia yaliyokuwa yamefungwa mjini yakisubiri ushindi huo yakafunguka. Alimaliza msimu na pasi 27 za kufunga (tachidauni), rekodi ya ligi wakati ule kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Mkawa mmepata kwotabeki. Niseme wazi kwamba mlimpata, maana mnapenda kusema kuwa shida yenu ni bahati ya kuchagua.

Sasa hesabuni walimu wake. Alipokewa na Hue Jackson kama kocha mkuu na Todd Haley kama mratibu wa mashambulizi. Kabla Oktoba haijaisha mkawafukuza wote wawili siku moja. Akakabidhiwa kwa Gregg Williams wa muda, mashambulizi yakisimamiwa na Freddie Kitchens. Mwaka 2019 Kitchens akapandishwa kuwa kocha mkuu, mratibu akawa Todd Monken. Kitchens hakufikisha mwaka. Mwaka 2020 akaja Kevin Stefanski na Alex Van Pelt.

Wasomaji wa nyumbani wataniuliza ubaya uko wapi, kocha si kocha tu? Kwotabeki huvaa helmeti yenye spika ndogo ndani. Humo husikia sauti ya benchi ikimwambia shambulizi gani lifanyike, kwa sentensi ndefu ya maneno ya siri, na sauti hukatwa sekunde 15 kabla ya muda wa kuanza kuisha. Anatakiwa aitafsiri sentensi ile kwa wenzake 10, awasome wapinzani 11 wanaojifanya wamesimama kumbe wanahama, na mpira ukishafika mkononi ana kama sekunde tatu kabla hajakaliwa na mtu wa kilo 130. Maneno yale ya siri hayafanani kwa makocha wote. Kila mratibu huja na lugha yake, na miguu ya kijana hufundishwa kuhesabu hatua kwa lugha hiyo. Ukimbadilisha mratibu, umefuta ubao.

Sisi Watanzania adhabu hii tunaijua. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila somo ni Kiingereza, anakaa kimya mwaka mzima, halafu tunamwita mzito. Tofauti ni kwamba kwetu lugha hubadilishwa mara moja tu. Nyinyi mlimbadilishia Mayfield kila mwaka, na bado alipopata msimu wa kwanza wa Stefanski akawashindia mechi 11, na Januari 2021 akawafunga Pittsburgh 48 kwa 37, ushindi wenu wa kwanza wa mtoano tangu siku ya mwaka mpya wa 1995. (Stefanski siku hiyo alikuwa amejitenga nyumbani kwa sababu ya korona, akitazama kwenye televisheni kama mimi. Hilo sitalichimba.)

Msimu uliofuata akaumia bega la kushoto katika mechi ya pili, akacheza hivyohivyo, akacheza vibaya. Badala ya kungoja bega lipone mkamfuata Watson. Mayfield akapita Carolina, akapita Los Angeles, akatua Tampa, ambako msimu wa 2023 alishinda mechi ya mtoano. Tampa hawajawatumia hata kadi.

Ni kweli kwamba timu mliinunua mwaka 2012, na mengine mliyarithi. Hamkuwapo mwaka 1999, timu mpya kabisa ilipofungwa 43 kwa 0 katika mechi yake ya kwanza na wiki iliyofuata ikamtupa uwanjani Tim Couch, chaguo la kwanza la mwaka ule, nyuma ya safu ya mbele ya kumlinda, iliyoundwa kwa masalio ya timu nyingine. Wala hamkuwapo mwaka 2000, mlipomchagua, samahani, walipomchagua Spergon Wynn katika nafasi ya 183 huku kijana mmoja mwembamba wa Michigan aitwaye Tom Brady akisubiri hadi nafasi ya 199. Chaguo la 22 nalo mlilikuta limeshaanza kuleta mikosi: Brady Quinn mwaka 2007, Brandon Weeden mwaka 2012. Weeden alikuwa na miaka 28, ametoka kucheza besiboli, na katika mechi yake ya kwanza alinaswa chini ya bendera kubwa ya taifa kabla ya mpira kuanza, kisha pasi zake nne zikanaswa na Philadelphia. Machaguo 53 nyuma yake Seattle walimchukua Russell Wilson, aliyewapa Super Bowl katika msimu wake wa pili.

Mngeweza kulikwepa chaguo la 22. Mwaka 2014 mkapanda foleni makusudi kulifuata, mkamchukua Johnny Manziel, ambaye baadaye alikiri mwenyewe kwamba hakuwa akitazama video za mchezo hata kidogo. Iliripotiwa wakati ule kwamba Mzee Jimmy alisimulia jinsi mtu asiye na makazi alivyomwambia barabarani amchague Manziel. Mtu yule simlaumu. Ushauri wake ulikuwa wa bure, na kwa viwango vyenu huo ni uokoaji mkubwa wa fedha.

Siwezi pia kuipita tarehe 31 Oktoba 2017. Mlikubaliana na Cincinnati wawape kwotabeki AJ McCarron kwa chaguo la raundi ya pili na la tatu, mwisho wa kupeleka makaratasi ligi ukiwa saa kumi jioni. Makaratasi yakachelewa. Ligi ikakataa. Sisi tuliokulia kwenye ofisi za "njoo kesho" tulijisikia nyumbani siku ile kuliko siku nyingine yoyote Marekani. Mkabaki na DeShone Kizer, chaguo la 52, kijana wa miaka 21, mkamwanzisha mechi 15, akafungwa zote 15, pasi zake 22 zikanaswa, na Machi mkamhamishia Green Bay. Katika drafti hiyohiyo Kansas City walimchukua Patrick Mahomes kwa chaguo la 10, wakamkalisha nyuma ya Alex Smith mwaka mzima isipokuwa mechi ya mwisho. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi. Hakuna ajuaye Kizer angekuwa nani kwenye benchi lile.

Hiyo Green Bay nayo. Kuanzia 1992 hadi 2022 walikuwa na makwotabeki wakuu wawili, Brett Favre na Aaron Rodgers. Rodgers alisubiri miaka mitatu, na Jordan Love aliyemfuata alisubiri mitatu pia. Benchi peke yake si dawa, Brady Quinn alilikalia la kwenu na hakuna kilichotoka. Dawa ni kwamba anayekaa benchi anamsikiliza mtu ambaye mwakani atakuwapo. Timu ile, kwa taarifa yenu, haina mmiliki mmoja. Inamilikiwa na wenye hisa zaidi ya laki tano. Sisemi kitu.

Sasa ombi. Mwaka 2025 mliingia kambini na makwotabeki wanne, wawili wakiwa wa drafti moja, Dillon Gabriel na Shedeur Sanders, wakigawana mazoezi ambayo hayamtoshi hata mmoja. Safari nyingine mchagueni mwalimu kwanza. Mkataba wa kijana wa drafti ni wa miaka minne. Mratibu wake naye apewe minne, wa uhakika kama ule wa milioni 230, ili mkitaka kumfukuza iwaume. Kisha nunueni safu ya mbele. Mmeamua kujenga Brook Park uwanja wenye paa, kwa zaidi ya dola bilioni 2, na ni jambo jema, lakini mvua haijawahi kumwangusha kwotabeki wenu hata mmoja.

Wenu katika subira,
Shabiki, Ohio.

Nakala:
Philadelphia, Houston na Tampa, kwa taarifa.
Cincinnati, mahasimu wa kundi lenu, ambao Oktoba 2025 mliwapelekea kwotabeki Joe Flacco.
Baltimore, waliohamishiwa timu nzima ya Cleveland mwaka 1996 kabla hamjafika.
Green Bay, nakala moja kwa kila mwenye hisa.